Visima vya Wallace katika mji wa Paris

Miaka ya 1870 na 1871 Paris ulizingirwa na maadui. Mifereji ya maji ikaharibika, maji safi yakawa ghali, maskini wakapata taabu. Basi Richard Wallace, Mwingereza tajiri aliyekaa humo, akatoa visima 50 vya chuma. Cha kwanza kilisimamishwa mwaka 1872. Sanamu nne za wanawake hubeba paa: Wema, Unyofu, Mapendo na Kiasi. (Si zile fadhila nne za katekisimu, ijapokuwa Kiasi imo!)

Vikombe vilifungwa kwa mnyororo, hata mwaka 1952 vikaondolewa kwa kuogopa magonjwa. Hatulaumu, lakini tangu hapo asiye na chombo hunywa kwa viganja. Mji ungali unavitunza, navyo sasa vyapita 100, na vingi vyatoa maji bure.