Bima na Nyumba za Wanyonge: Mfano wa Kalemie

Ubaguzi katika bima ya nyumba hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala la nia ya kampuni peke yake: nani amekataliwa, na kwa sababu gani? Historia ya Kalemie yadhihirisha kwamba mtu aweza kutengwa hata kabla hajabisha hodi katika ofisi ya bima.

Mji huu, ulioitwa Albertville enzi za ukoloni, ulipanuka baada ya reli itokayo Kabalo kufika ziwa Tanganyika mwaka 1915. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Kongo ya Kibelgiji, makazi ya Wazungu na ya Waafrika yalitenganishwa. Mzungu alimiliki kwa hati; Mwafrika aliruhusiwa tu kukalia kiwanja. Ni mwaka 1953 ndipo amri ya kikoloni ilipomfungulia Mwafrika njia ya kumiliki ardhi binafsi kwa hati, na waliofaidika walikuwa wachache.

Baada ya uhuru, shirika la taifa la bima, SONAS, liliundwa mwaka 1966 na kupewa ukiritimba. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na haki ya mtumiaji ikawa inathibitishwa kwa hati ya usajili. Sheria hizo hazikumtaja tajiri wala maskini. Hata hivyo, anayedai fidia hana budi kuthibitisha kuwa kilichoharibika ni chake. Mwenye nyumba ya matofali ya udongo, asiye na hati, atathibitisha kwa nini?

Uzito wa swali hilo ulionekana tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilipotokea ziwani na kubomoa nyumba za udongo mjini Kalemie. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ndio waliokuwa mbali zaidi na bima.

Sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilikomesha ukiritimba wa SONAS. Lakini wingi wa makampuni si dawa ya kutengwa, kwani kila kampuni hutafuta mteja mwenye hati na jengo imara. Ni kweli kwamba kampuni ina haki ya kupima hatari. Haina haki ya kuufanya umaskini wenyewe kuwa hatari. Jimbo la New York, Marekani, lilifuata msimamo huo mwaka 2024 lilipoyakataza makampuni kuzibagua nyumba za gharama nafuu.

Kwa Kalemie, katazo la namna hiyo lingekuwa nusu ya kazi. Pasipo kumpatia mkazi hati na kumsaidia kuimarisha nyumba yake, sheria itamlinda mteja ambaye bado hajapata kuwa mteja. Wahenga walisema: mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda. Kazi ya sheria ni kuhakikisha kwamba haki haingojei kupendwa.