Kwa nini simu hula chaji baada ya kusasishwa, na namna ya kuiokoa

Msikilizaji, umepeleka simu kuchajiwa dukani pale Mbwera, umelipa, umerudi nayo nyumbani. Usiku ukakubali ujumbe unaotaka usasishe simu. Ikazima, ikawaka, kisha ikaanza kuhesabu: programu ya 1 kati ya 80, ya 2 kati ya 80. Ilipomaliza, simu ilikuwa ya moto na chaji imeshuka, wakati hujafungua hata WhatsApp. Chaji imekwenda wapi?

Programu hujengwa

Programu ya simu huanza kama maandishi ambayo mtaalamu anaweza kuyasoma. Huitwa msimbo chanzo. Simu haiwezi kuyatumia hivyo yalivyo. Lazima yageuzwe kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Kazi hiyo ya kugeuza huitwa kukompaili, na hula nguvu nyingi. Programu za Android hutufikia zikiwa zimejengwa nusu, na hatua ya mwisho humaliziwa ndani ya simu yako, kwa betri yako.

Android 5, iliyotoka 2014, na Android 6 ya 2015 zilikompaili programu nzima mara tu unapoiweka. Mfumo wenyewe wa simu ukibadilika, kazi ya mwanzo haikufaa tena, kwa kuwa programu zote zimeegemea juu ya mfumo huo. Ndiyo maana simu ilizijenga upya zote, hata zile ambazo hujazigusa mwaka mzima.

Mfano wa dau

Anayekaa delta anajua kazi ya fundi wa dau. Ubao mmoja ukioza, fundi hutoa ubao ule, huweka mwingine na kukalafati. Havunji dau zima. Lakini akibadilisha mkuku, hana budi kugusa pia mbao zilizoungwa kwenye mkuku huo.

Kwa kompyuta ni hivyo hivyo. Mwaka 1976 Stuart Feldman wa Bell Labs, Marekani, alitengeneza programu iitwayo Make. Inalinganisha muda: kama maandishi ya chanzo ni mapya kuliko kilichojengwa, sehemu hiyo hujengwa upya, kama sivyo, huachwa. Alisukumwa na mwenzake aliyepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo alikwisha lisahihisha, kumbe sehemu ile haikujengwa upya. Kwa hiyo kuna hasara mbili. Kujenga kila kitu hupoteza muda na umeme. Kuruka kinachohitajika kujengwa huacha kosa la zamani ndani.

Wanaotumia mifumo ya kompyuta kama Gentoo, ambako programu hujengwa kutoka msimbo chanzo kwenye kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, huuliza swali hilo kila wanaposasisha: kilichobadilika ni ubao au mkuku? Sehemu inayotumiwa na programu nyingi ikirekebishwa kwa ndani tu, programu nyingine hazina haja ya kujengwa tena. Maungio yake yakibadilika, zote zilizoungwa nayo hujengwa upya.

Simu za sasa zimeboreshwa

Kuanzia Android 7 ya 2016, simu haikompaili kila kitu kwa mpigo. Hutazama sehemu unazozitumia sana, kisha huzijenga kidogo kidogo simu ikiwa kwenye chaji na haitumiki.

Mwaka huohuo Google waliboresha pia namna ya kutuma masasisho. Badala ya kukuletea programu nzima, Play Store hutuma tofauti kati ya toleo la zamani na jipya, na simu huziunganisha. Google walieleza kwamba masasisho ya namna hii yalikuwa madogo kwa wastani wa 65% kuliko programu nzima, na mengine kwa zaidi ya 90%. Huo ni uokoaji wa bando.

La kufanya

1. Futa programu usizotumia. Kila iliyobaki itadai bando na chaji siku ya kusasisha.

2. Usiifute programu na kuiweka upya kwa nia ya kuisasisha. Ukifanya hivyo utapakua programu nzima badala ya tofauti tu.

3. Kwenye mipangilio ya Play Store, chagua masasisho yajiendeshe kwa Wi-Fi pekee. Kisha sasisha kwa mkono zile unazozihitaji, ukianza na za fedha na mawasiliano.

4. Sasisho la mfumo mzima lifanye ukiwa na chaji ya kutosha, au simu ikiwa kwenye umeme, kwa mfano ukifika Kibiti mjini au Ikwiriri. Usilianze unapokaribia kupanda boti Nyamisati.

5. Simu ikianza kuhesabu programu, iache imalize. Usiizime katikati.

6. Ukipata nafasi, iache kwenye chaji bila kuichezea. Ndipo inapofanya kazi zake za kujenga.

7. Jihadhari na programu unazorushiwa kiholela.

Usiache kabisa kusasisha. Masasisho mengi huziba matundu ambayo wezi hupitia, na simu yenye akiba yako ya M-Pesa haifai kuachwa na matundu hayo. Sasisho la usalama likija, lifanye mapema, siku ambayo chaji ipo.