Kufunga Kavu na Mtungi wa Maji

Katika makanisa yetu mengi, mwaka unapoanza au jambo zito linapolikabili kanisa, hutangazwa "mfungo wa Esta": siku tatu, usiku na mchana, bila chakula wala tone la maji. Wengine huuita kufunga kavu. Wapo wanaoumaliza wakiwa na furaha na ushuhuda, na wapo wanaobebwa kupelekwa hospitali siku ya pili. Wote wameitikia tangazo lile lile, kwa imani ile ile. Kwa hiyo inafaa tuulize waliotutangulia katika imani waliufanyaje mfungo wa namna hii, maana si jambo lililoanza na sisi.

Tuanze na Esta mwenyewe. Katika Esta 4:16 anamwomba Mordekai awakusanye Wayahudi wote wa Shushani wafunge kwa ajili yake siku tatu, bila kula wala kunywa, naye na wajakazi wake watafanya vivyo hivyo. Mara nyingi tunausoma mstari huo na kuishia hapo. Tukiendelea hadi sura ya 5, tunamkuta malkia siku ya tatu amekwisha kuvaa mavazi yake ya kifalme na kusimama katika ua wa mfalme, na siku hiyo hiyo mfalme anaketi kwenye karamu aliyoiandaa yeye. Wayahudi walizoea kuhesabu sehemu ya siku kuwa siku. Huenda basi mfungo wake haukufika zile saa 72 tunazozihesabu sisi kwa saa ya mkononi. Tena amri ya kuangamiza taifa zima ilikuwa imekwisha kutiwa muhuri. Kiti cha mwenyekiti wa kamati kinapogombewa, hiyo si Shushani.

Mifano mingine ya Maandiko ni michache na mifupi. Mfalme wa Ninawi aliwanyima maji hata wanyama (Yona 3:7), lakini hatuambiwi kwa siku ngapi. Sauli alikaa Dameski siku tatu haoni, hali, hanywi (Matendo 9:9), na mara baada ya kubatizwa alikula chakula, akapata nguvu. Musa alikaa siku arobaini mlimani bila mkate wala maji (Kutoka 34:28), akiwa mbele za Bwana, lakini hakushuka na agizo kwamba Waisraeli wamfuate katika hilo. Na Bwana wetu jangwani? Mathayo na Luka wanasema aliona njaa. Kiu hawakuitaja, na wafasiri wengi wameona kwamba maji alikunywa. Kiu yake tunaisikia msalabani.

Torati iliwawekea Israeli siku moja ya kujitesa nafsi, Siku ya Upatanisho, tangu jioni hadi jioni (Walawi 23:32). Hadi leo Wayahudi huifunga bila chakula wala maji kwa muda wa saa kama 25. Lakini tazama jinsi walimu wao walivyoizungushia ulinzi. Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao uliokamilishwa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, imeelekezwa kwamba mjamzito aliyezidiwa na hamu ya chakula alishwe mpaka atulie. Mgonjwa alishwe kwa neno la wajuzi, na wajuzi wasipokuwapo, basi kwa neno lake mwenyewe, mpaka aseme imetosha. Mwaka 1848 kipindupindu kilipoushika mji wa Vilna, rabi Israel Salanter, mtu mkali kwa mambo ya dini, aliwaruhusu watu kula siku hiyo takatifu kuliko zote. Kipindupindu huua kwa kuukausha mwili. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa hilo.

Kanisa la kwanza lilirithi mazoea ya kufunga. Kitabu kiitwacho Didakhe kinataja Jumatano na Ijumaa. Wiki ya kabla ya Pasaka ndipo watu walipojikaza zaidi, na hapo yakatokea mashindano. Dionisio, aliyekuwa askofu wa Aleksandria katikati ya karne ya 3, aliandika barua kuhusu jambo hilo. Anaeleza kwamba wengine hupitisha siku zote sita bila kula, wengine nne, tatu au mbili, na wengine hata moja hawafungi. Wale waliojikaza mpaka wakakaribia kuzimia, anasema wasilaumiwe wakionja chakula mapema. Wanaomkera ni wale waliokula na kunywa siku nne za kwanza, kisha wakafunga Ijumaa na Jumamosi na kujiona wametenda kubwa! Naye Antonio, baba wa watawa wa jangwani Misri, alikula mara moja kwa siku baada ya jua kuzama, wakati mwingine baada ya siku mbili au nne. Mkate, chumvi, na maji. Maji hayakukosekana.

Katika taratibu za zamani zinazojulikana kama Mapokeo ya Mitume, mjamzito au mgonjwa asiyeweza kufunga siku mbili za kabla ya Pasaka aliambiwa afunge Jumamosi peke yake, kwa mkate na maji.

Lakini habari ninayoona inatufaa kuliko zote ni ya Simeoni wa Nguzo, aliyeishi Shamu katika karne ya 5. Aliyeiandika ni Theodoret, askofu wa Cyrrhus, aliyemfahamu Simeoni ana kwa ana. Kabla hajapanda juu ya nguzo iliyompa jina, Simeoni alikaa katika kibanda karibu na kijiji cha Telanissos. Kwaresima ilipokaribia akataka kufunga siku arobaini kama Musa na Eliya, bila kula wala kunywa. Akamwomba kasisi Bassus, aliyekuwa akizungukia makanisa ya vijijini, amzibie mlango kwa udongo wala asimwachie kitu chochote ndani.

Bassus hakukubali upesi. Alimwambia kwamba kujiua si wema, bali ni kosa la kwanza na kubwa kupita yote. Simeoni akalegeza msimamo: basi, baba, niwekee mikate kumi na mtungi wa maji, nikiona mwili unahitaji nitatumia. Vikawekwa, mlango ukazibwa. Siku arobaini zilipotimia Bassus akaja, akaubomoa udongo, akaikuta mikate yote kumi, mtungi umejaa, na Simeoni amelala chini kama maiti, hawezi kusema wala kujinyanyua. Bassus akaomba sifongo, akamlowesha midomo na kuisafisha, kisha akampa Meza ya Bwana. Akapata nguvu kidogo, akala majani mabichi machache.

Wasomaji wengi humwangalia Simeoni katika kisa hiki. Daktari wa leo atauliza maswali mengi juu ya zile siku arobaini, na ana haki. Mimi namwangalia Bassus zaidi. Alikuwa mchungaji mwenye madaraka ya kusema hapana. Alilitaja kosa la kujiua kwa jina lake, akahakikisha maji yamo ndani, na siku ilipotimia alikuja mwenyewe.

Mwili wa mtu mzima kwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kila siku hupoteza lita mbili au zaidi kwa mkojo, jasho na pumzi, na kwenye joto la Mombasa au Dodoma hupoteza zaidi. Njaa mwili una akiba yake ya mafuta. Kiu hauna ghala. Terence MacSwiney, meya wa mji wa Cork huko Ireland, alipogoma kula gerezani mwaka 1920 alikufa baada ya siku 74, kwa sababu alikuwa akipata maji. Bila maji kabisa, watu wengi hufa ndani ya siku chache, wala wiki mara nyingi haiishi. Husemwa pia kwamba kufunga kavu "kunasafisha sumu mwilini". Kazi ya kutoa uchafu ni ya figo, na figo hufanya kazi kwa maji. Ukizinyima, uchafu hubaki ndani.

Faida zake basi ziko wapi? Zipo. Mtu mzima mwenye afya akikaa bila maji tangu alfajiri hadi jioni hurudisha kiasi chake usiku ule ule. Kiu humkumbusha kila saa kwamba uhai wake si mali yake, kwa namna ambayo njaa haifanyi. Wakristo wa Ethiopia wanalijua hilo, nao hukaa bila chakula wala maji mpaka mchana au alasiri katika siku nyingi za mwaka. Majirani zetu Waislamu hufunga Ramadhani yote mchana bila maji, lakini jioni hufuturu, na Mtume wao aliwakataza kuunganisha saumu siku moja na nyingine bila kula. Ukiangalia mila hizi zote pamoja, mfungo usio na maji una mpaka unaojulikana kabla haujaanza.

Mpaka huo ulipoondolewa, tumeona. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ya watu walioambiwa kwamba kwa kufunga hadi kufa watakutana na Yesu. Idadi ilipita 400, watoto wakiwamo. Wengi walikufa kwa njaa, na baadhi ya miili ilikuwa na dalili za kunyongwa. Waliokutwa hai, wengine walikikataa chakula walichopewa na waokoaji. Hawa walikuwa na mchungaji, lakini hawakuwa na Bassus.

Kanisa linalotangaza kufunga kavu linaweza kutaja waziwazi wasiohusika: wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wazee waliodhoofu, wenye kisukari, selimundu au ugonjwa wa figo, na wanaomeza dawa kila siku. Linaweza kutaja pia saa ya kumaliza, na dalili za kuacha kabla ya saa hiyo: kizunguzungu, moyo kwenda mbio, mkojo wa rangi ya chai, maneno yasiyoeleweka. Na nyuma ya ukumbi wa maombi pawekwe ndoo ya maji safi na vikombe, pamoja na mzee mmoja wa kanisa ambaye siku hiyo hafungi.