Ukoma wa Karanga na Mbegu Iliyochelewa Kutafutwa, 1907–1960

Karanga zinazokaangwa na kuuzwa katika mitaa ya Temeke na Kinondoni hutoka mikoani, na mnunuzi wa Tandika hauoni ugonjwa unaoamua kama zitafika. Ukoma wa karanga hudumaza mmea: majani huwa madogo, hujikunja, aghalabu hugeuka manjano, na mmea ulioambukizwa mapema huweza kukosa maganda kabisa. Zimmermann, mtafiti wa kituo cha Amani, Usambara, aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1907. Mwaka 1928 Storey na Bottomley walionesha, Afrika Kusini, kwamba vidukari ndio wanaoueneza.

Kwa hiyo, Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga Kongwa mwaka 1947, wakikusudia zaidi ya ekari milioni 3, ugonjwa na msambazaji wake walikuwa wamekwisha kujulikana. Mpango uliachwa mwaka 1951 kwa hasara ya takribani pauni milioni 36. Wanahistoria wameueleza kwa matrekta yaliyoharibika, ukame na udongo uliokauka ukawa kama tofali. Maelezo hayo ni sahihi, ila suala la mbegu hupitiwa haraka mno. Insha hii inashikilia kwamba ekari zilihesabiwa kabla ya kupatikana mbegu inayouhimili ukoma. Kinga iliyokuwapo ilikuwa kupanda mapema na kwa kubananisha, kwani vidukari hutua kwa wingi zaidi penye udongo ulio wazi. Kinga hiyo humtegemea mwenye mvua.

Mbegu kinzani ilionekana kwingine. Wakati wa mlipuko wa mwaka 1952 huko Afrika Magharibi, watafiti wa Kifaransa walikuta aina za wenyeji, kutoka mpakani mwa Côte d'Ivoire na Burkina Faso ya leo, zikiendelea kustawi. (Wakulima wasiotajwa majina ndio walioitunza mbegu hiyo.) Mwaka 1960 De Berchoux alieleza kwamba ukinzani huo hutawaliwa na jeni mbili zinazojificha, ikichanganywa na mbegu dhaifu, ni mmea 1 tu kati ya 16 wa kizazi cha pili unaoupata. Tena nyingi za aina hizo hukomaa polepole, ilhali mvua za Dodoma ni fupi. Wala ukinzani huo haumzuii kidukari: yeye hutua na kufyonza kama kawaida, na kinachoshindwa ni virusi vya ukoma vyenyewe.