Kingamwili ya kutambua vivushio vya laktati

Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili inase kitu kigeni, kiwe kirusi, bakteria au sumu. Hospitalini neno hilo linajitosheleza. Maabarani kingamwili haimkingi mtu. Mtafiti anachotaka kwake ni ule uwezo wa kutambua umbo moja na kuling'ang'ania, basi.

Chukua laktati, yaani asidi ya laktiki iliyokwisha kuachia ioni yake ya haidrojeni. Misuli ya mkimbiaji wa mita 400 huizalisha kwa wingi, lakini kwa kuwa ina chaji haipenyi utando wa seli kwa urahisi. Huvushwa na protini za jamii ya MCT, kila ioni ya laktati ikiandamana na ioni moja ya haidrojeni. Wapo wanaoziita visafirishi. Mimi napendelea vivushio, kwani protini yenyewe haisafiri: imejishona kwenye utando mara 12, na hubadili umbo tu hadi mzigo utokee ng'ambo. MCT1 ni nyingi kwenye moyo na nyuzi nyekundu za misuli, MCT4 kwenye nyuzi nyeupe zinazotoa laktati kwa kasi.

Kuzitofautisha hizi mbili ndiyo kazi ya kingamwili. Sungura hudungwa kipande kifupi cha mkia wa MCT1, ambao haufanani na wa MCT4, kikiwa kimeunganishwa na protini kubwa zaidi. Baada ya wiki kadhaa damu yake huwa na kingamwili za kukitambua. Jina kamili basi litaje mnyama na shabaha: kingamwili ya sungura inayotambua MCT1. Ukiandika “dhidi ya MCT1”, msomaji atadhani inaizuia isifanye kazi. Haiizuii. Mkia huo uko ndani ya seli, na utando sharti utobolewe kwanza kwa sabuni maalumu ndipo kingamwili iufikie.

Nayo hupimwa kabla ya kuaminiwa. Seli nyekundu za damu ya binadamu hazina mitokondria. Huzalisha laktati muda wote na kuivusha hasa kwa MCT1, wala hazina MCT4. Protini zake zikitenganishwa kwenye jeli kwa ukubwa, kingamwili inayotambua MCT1 hutoa mstari wazi. Inayodaiwa kutambua MCT4 ikitoa mstari hapo, imeshika protini nyingine, na vipimo vya misuli vilivyofanywa kwayo vinahitaji kurudiwa.