Zao lipi lina faida zaidi? Hesabu ya michezo ya kilimo na ploti ya Rhonda

MICHEZO ya kilimo inayochezwa kwenye rununu na tarakilishi imewavutia mamilioni ya watu duniani, wakiwemo wengi ambao hawajawahi kushika jembe. Mchezaji hupewa kipande cha shamba, mbegu chache na sarafu za kuanzia, kisha huachiwa swali lile lile linalomkabili mkulima wa kweli kila msimu: apande nini ili apate faida kubwa zaidi?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika mtaa wa Rhonda, magharibi mwa Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021. Utafiti uliofanywa mjini humo mwaka 1999 na wataalamu Dick Foeken na Samuel Owuor ulionyesha kuwa takriban thuluthi moja ya familia zilikuwa zikilima au kufuga ndani ya mipaka ya mji. Mahindi, sukuma wiki na maharagwe ndiyo yaliyokuwa mazao makuu. Kwa familia kama hizo, uteuzi wa zao si burudani bali ni karo, kodi ya nyumba na chakula cha jioni.

Kanuni anazotumia mchezaji hodari zinaweza kumfaa mkulima wa ploti ndogo, mradi ajue mahali zinapokomea.

Michezo inayojulikana zaidi

FarmVille ilizinduliwa mwaka 2009 na kampuni ya Zynga ya Marekani, na ikachezwa katika mtandao wa Facebook hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2020. Humo stroberi zilikomaa kwa saa 4, na aliyechelewa kuzivuna alizikuta zimenyauka.

Hay Day, ya kampuni ya Supercell ya Ufini, ilitolewa mwaka 2012. Ngano yake hukomaa kwa dakika 2, mahindi kwa dakika 5 na maboga kwa saa 3. Kila punje inayopandwa hurudisha mbili, na mazao hayaozi shambani.

Farming Simulator, iliyoanza mwaka 2008 chini ya kampuni ya GIANTS Software ya Uswisi, huiga kilimo cha matrekta. Bei zake hupanda na kushuka, na baadhi ya mazao, kama vile viazi, hudai mashine za pekee zenye gharama kubwa.

Stardew Valley, kazi ya Mmarekani Eric Barone, ilitoka mwaka 2016 na kufika kwenye simu za Android mwaka 2019. Mwaka wake una majira manne ya siku 28 kila moja. Bei za mbegu na mavuno zinajulikana mapema, kwa hivyo mchezo huu ndio unaofaa zaidi kwa kujifunza hesabu.

Vipimo vitatu vya faida

Anayeanza kucheza aghalabu hulitazama zao linalouzwa kwa bei ya juu na kulikimbilia. Hilo ni kosa. Faida hupimwa kwa njia tatu, na kila njia inaweza kutoa jibu tofauti.

Kipimo cha kwanza ni faida kwa siku. Katika Stardew Valley, mbegu ya kiazi hununuliwa kwa sarafu 50, hukomaa kwa siku 6 na kiazi huuzwa kwa sarafu 80. Faida ni sarafu 30, yaani 5 kwa siku. Koliflawa hununuliwa kwa 80, hukomaa kwa siku 12 na huuzwa kwa 175. Faida yake ni 95, au karibu 8 kwa siku. Hapa zao linalochelewa ndilo linalolipa zaidi, hata bila kuzingatia kwamba kiazi hudai kupandwa upya mara mbili zaidi.

Kipimo cha pili ni faida kwa kila mraba wa shamba katika msimu mzima. Bluberi hupandwa mara moja tu katika majira ya joto kwa sarafu 80. Huanza kuzaa baada ya siku 13, kisha huzaa tena kila baada ya siku 4, na kila mara hutoa matunda 3 yenye thamani ya sarafu 50 kila moja. Ikipandwa siku ya kwanza, huvunwa mara 4. Mapato ni sarafu 600 na faida ni 520. Tunda-nyota huuzwa kwa sarafu 750, lakini mbegu yake hugharimu 400 na mmea huvunwa mara moja ukaisha. Kwa kuwa hukomaa kwa siku 13, mraba mmoja unaweza kupandwa mara mbili katika msimu na kuleta faida ya 700. Kwa kipimo cha mraba, tunda-nyota lashinda.

Kipimo cha tatu ni faida kwa kila sarafu ya mtaji. Chukua mchezaji mwenye sarafu 4,000 siku ya kwanza ya majira ya joto. Akinunua mbegu za tunda-nyota atapata 10. Mavuno ya kwanza yatamletea sarafu 7,500, atanunua mbegu nyingine 18 na kubakiwa na sarafu 300, na mwisho wa msimu atakuwa na sarafu 13,800. Ameongeza 9,800. Lakini akitia zile 4,000 zote katika bluberi, atapanda miraba 50, na mwisho wa msimu faida yake itakuwa sarafu 26,000.

Hivyo basi, zao lenye faida zaidi ni lile linalokitumia vyema zaidi kile kilicho haba. Fedha zikiwa haba na ardhi ikiwa tele, bluberi ndiyo. Ardhi ikiwa finyu na fedha zikiwepo, tunda-nyota ndilo. Nguvu za kumwagilia zikiwa ndizo haba, miraba 10 ni nafuu kuliko 50.

Siku ya kupanda

Bluberi ile ile ikipandwa siku ya 15, huvunwa mara moja tu, siku ya mwisho ya msimu, na faida hushuka kutoka 520 hadi 70. Ikipandwa siku ya 16, hufa kabla ya kuzaa, na sarafu 80 zimepotea.

Stroberi nayo yafunza jambo jingine. Mbegu zake huuzwa kwa sarafu 100 katika tamasha la siku ya 13 ya majira ya machipuko. Anayezipanda siku hiyo huvuna mara 2 na kupata faida ya 140. Anayeziweka hadi siku ya kwanza ya majira hayo mwaka unaofuata huvuna mara 5 na kupata faida ya 500. Mbegu ni moja na bei ni moja. Subira ndiyo iliyoleta zile 360 za ziada.

Kuuza kibichi au kusindika

Bluberi moja ya sarafu 50, ikigeuzwa kuwa mvinyo au jemu, huuzwa kwa 150. Katika Hay Day vilevile, ngano inayopitia tanuri na kuwa mkate huleta sarafu nyingi kuliko punje zenyewe. Mkulima anayeuza zao ghafi humwachia mwingine sehemu kubwa ya thamani yake. Wachuuzi wa Nakuru wanaokatakata sukuma wiki na kuitia katika mifuko ili mnunuzi akaipike moja kwa moja wanaitumia kanuni hiyo hiyo.

Kile ambacho mchezo unakificha

Pamoja na manufaa hayo, mchezo huyaficha mambo ambayo huko Rhonda ndiyo yanayoamua.

La kwanza ni bei. Katika Stardew Valley, mchezaji anaweza kuuza bluberi elfu moja kwa siku na bei isishuke hata kidogo. Katika soko la Wakulima mjini Nakuru, mvua ikinyesha vyema na kila bustani ikajaa, bei ya mboga huporomoka. Viazi, kabeji na karoti hushuka kutoka Molo, Kuresoi na Nyandarua kwa malori. Mwenye ploti ya Rhonda hawezi kushindana na mashamba hayo ya nyanda za juu kwa zao ambalo wao huzalisha kwa wingi na kwa gharama ndogo. Nguvu yake iko katika mboga inayonyauka upesi, kwa sababu yeye yuko hatua chache kutoka kwa mnunuzi.

La pili ni wadudu na maradhi. Nondo wa nyanya, Tuta absoluta, aliripotiwa nchini Kenya mwaka 2014 na tangu hapo amewatia hasara wakulima wengi. Nyanya inaweza kuonekana tajiri kwenye karatasi, lakini zao linaloweza kuangamia lote halipaswi kupewa ploti nzima na mtu asiye na akiba.

La tatu ni umiliki. Shamba la mchezo ni la mchezaji. Anayelima mahali pa kukodi au kando ya njia anaweza kuamriwa kuondoka kabla ya mavuno. Kwake yeye, mchicha unaoanza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4 una usalama ambao mahindi ya miezi mitano hayana.

Hesabu ya ploti ya Rhonda

Tuchukue ploti ya mita 10 kwa 5, yaani mita mraba 50. Ekari moja ina mita mraba 4,047. Ikiwa mahindi yatatoa magunia 20 ya kilo 90 kwa ekari, ambayo ni mavuno mazuri, ploti hiyo itatoa kilo 22 hivi, sawa na gorogoro 11. Tuseme gorogoro ni Sh100, basi mapato ni Sh1,100 baada ya miezi mitano, kabla ya kutoa gharama ya mbegu na mbolea.

Ploti hiyo ikipandwa sukuma wiki kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, itachukua miche 185. Tuseme kila shina linachumwa majani 3 kwa wiki. Hayo ni majani 555, au mafungu 55 ya majani kumi kumi. Fungu likiuzwa kwa Sh10, mapato ni Sh550 kwa wiki. Kwa wiki 12 za kuchuma ni Sh6,600, mara sita ya mahindi, na kwa muda mfupi zaidi. Bei hizi ni za mfano tu. Msomaji aweke bei za soko lake.

Hadi hapo sukuma wiki imefanana na bluberi: hupandwa mara moja, huchumwa mara nyingi.

Maji yanapogeuza jibu

Hata hivyo, mchezaji hulijaza bomba lake kisimani bila kulipa. Wakati wa kiangazi, hasa Januari na Februari, bustani ya mboga huhitaji takriban lita 4 za maji kwa kila mita mraba kwa siku. Ploti yetu yahitaji lita 200, yaani mitungi 10 ya lita 20. Mtungi ukinunuliwa kwa Sh5, maji ya wiki moja ni Sh350, na zile Sh550 zimebaki Sh200. Mtungi ukifika Sh10, maji ni Sh700 na mkulima anapata hasara ya Sh150 kila wiki, ingawa bustani yake inapendeza macho.

Bila shaka kiangazi hupandisha bei ya mboga pia. Fungu likiuzwa kwa Sh20, mapato huwa Sh1,100 na faida hurejea hata kwa maji ya Sh10. Kwa hivyo, kabla ya kupanda wakati wa ukame, mkulima alinganishe kwanza bei ya mtungi na bei ya fungu.

Hapo ndipo vishawishi vya majitaka huzuka. Maji machafu hayana bei na yana rutuba, lakini yasiposafishwa hubeba vijidudu na mayai ya minyoo, na yanaweza kuwa na sumu za madini kutoka viwandani. Mboga za majani ndizo zilizo hatarini zaidi kwa kuwa huguswa na maji hayo moja kwa moja. Gharama hiyo haimo katika daftari la mkulima. Huonekana zahanati, na anayeilipa mara nyingi ni mtoto wa jirani aliyenunua fungu.

Njia salama ni kupunguza eneo badala ya kuchafua maji. Anayebakisha miche 60 tu wakati wa kiangazi, akaifunika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee, hutumia thuluthi moja ya maji na kuuza wakati bei iko juu. Miche hiyo inaweza pia kupandwa katika magunia yaliyojazwa udongo na samadi.

Muhtasari wa uteuzi

Kabla ya kununua mbegu, iwe ni ya sarafu za mchezo au ya shilingi, maswali haya yajibiwe kwa mpangilio. Kati ya ardhi, fedha, maji na muda, kipi kilicho haba zaidi? Zao litavunwa mara ngapi kabla ya msimu au mkataba wa kukodi kuisha? Bei itakuwaje siku ya kuvuna, wala si siku ya kupanda? Likiangamia lote, familia itakula nini?

Swali hilo la mwisho halimo katika michezo iliyotajwa, na ndilo linalowafanya wakulima wengi wa mjini wasiyaache mahindi licha ya hesabu iliyotajwa. Mahindi makavu hukaa ghalani hadi mwezi mgumu ufike. Sukuma wiki haingoji kesho. Robo ya ploti ikiachiwa mahindi na maharagwe, faida ya fedha hupungua kidogo lakini chungu hakikosi kitu cha kutiwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tofauti kubwa kati ya mchezaji na mkulima ni kwamba rununu humwekea mchezaji daftari bila kuombwa. Mkulima wa Rhonda hana budi kununua lake, na kuandika humo kila mtungi, kila fungu na kila tarehe.