Kutoka Omorooti hadi Kuoteshwa: Ndoto, Maana na Uponyaji katika Historia ya Tarime na Serengeti

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya ndoto kama chanzo cha maana ya kiroho na njia ya uponyaji katika eneo ambalo leo ni wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Kwa kufuatilia msamiati wa kuota katika Kikuria na Kiswahili, makala inadai kwamba kilichobadilika zaidi katika kipindi hicho ni mamlaka ya kuifasiri ndoto na mahali pa kuijibu, kuliko imani yenyewe kwamba ndoto huweza kuponya. Ndoto iliyokuwa mali ya jamii na ardhi yake iligeuka hatua kwa hatua kuwa ushuhuda wa mtu mmoja, na mabadiliko hayo yana athari kwa namna historia ya uponyaji inavyoandikwa.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha leo, kumwambia mtu kwamba anaota ndoto si kumsifu. Ndoto za mchana ni za mvivu, na ndoto za Alinacha ni za mtu anayejenga utajiri kichwani huku mtaji wake ukivunjika miguuni. Katika Kikuria, lugha inayozungumzwa na wakazi wengi wa Tarime na sehemu ya wakazi wa Serengeti, jina linalotokana na mzizi uleule lina hadhi tofauti kabisa. Omorooti, wingi abarooti, ni mwotaji kwa maana ya mwonaji, yaani mtu ambaye usingizi wake uliwahusu wengine. Alipoota, walioamka na kutafakari walikuwa wazee wa eneo zima.

Tofauti hiyo ya hadhi ndiyo inayozaa swali la makala hii: ni nini kilichotokea katika historia ya Mara hata ndoto ikahama kutoka baraza la wazee na kuingia katika ushuhuda wa mtu mmojammoja? Swali hili lina uzito kwa sababu tafiti nyingi za uponyaji hujikita katika dawa, hospitali na waganga, na kuiacha ndoto ikihesabiwa kuwa jambo la faragha lisilo na historia. Pale inapotajwa, huwekwa katika fungu la ushirikina au la saikolojia. Makala hii inaichukulia ndoto kama taasisi iliyokuwa na wahusika, kanuni na mahali pake.

2.0 Ushahidi wa Lugha

Mzizi unaohusika ni wa kale. Wanaisimu linganishi wanauhusisha na umbo la Kibantu cha awali *-dóot-, lenye maana ya kuota usingizini. Waganda husema kuloota, Wagikuyu kuroota, Wanyarwanda kurota. Katika Kiswahili, konsonanti ya mwanzo imedondoka katika kitenzi -ota, lakini imehifadhiwa katika nomino ndoto kwa sababu ya kutanguliwa na nazali. Kwa hiyo Mkuria na Mswahili wanatumia neno moja, ingawa mofimu zilizoambikwa kwenye mzizi huo zimeipeleka maana katika njia mbili.

Kiambishi tamati -i katika omorooti ni cha mtendaji, kama kile kinachopatikana katika mpishi kutokana na pika, au mjenzi kutokana na jenga. Jina hilo linatambua kuota kuwa kazi, kama kupika na kujenga. Malcolm Ruel, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakuria katika miaka ya 1950 na kuchapisha makala mahususi kuhusu waonaji hao mwaka 1991, aliwatofautisha na wapiga ramli. Mpiga ramli hufuatwa na mtu mwenye shida yake, naye hutumia vifaa na ufundi aliojifunza. Mwonaji hujiwa na ndoto bila kuiita, na ujumbe wake huwahusu watu wengi.

Kiswahili kwa upande wake kina maneno kadhaa yanayogawana eneo hili la maana: ndoto, njozi, ruya na maono. Pwani, elimu ya taabiri ya ndoto ilifungamana na maandishi ya Kiislamu, hasa yale yanayonasibishwa na Ibn Sirin, na mfasiri wake alikuwa mtu aliyesoma. Mara haikuwa na kitabu cha taabiri. Kilichokuwepo ni kumbukumbu ya wazee na mandhari yenyewe. Tofauti hii ni muhimu, kwani maandishi huweza kubebwa kutoka mji hadi mji, ilhali taabiri iliyoegemea mandhari hudhoofika mandhari hayo yanapofungwa.

3.0 Ndoto ya Ardhi

Katika jamii za Mara, kuponya hakukuwa na maana ya kumtibu mgonjwa tu. Ikiaro, yaani eneo la ukoo pamoja na watu wake, kwa Kikuria, nayo iliweza kuugua. Dalili zake zilikuwa ukame, utasa, mifugo kufa na vijana kupotea vitani. Miongoni mwa Wakuria, baraza la siri la wazee, inchaama, lilikuwa na jukumu la kuilinda ikiaro. Katika jamii za Serengeti kama Wanata, Waikoma, Waishenyi na Wangoreme, kulikuwa na rika lililopewa wajibu wa kuizunguka nchi na kuiponya, pamoja na mahali patakatifu pa erisambwa, wingi emisambwa, ambapo mizimu ya ardhi iliheshimiwa. Jan Bender Shetler, katika Imagining Serengeti (2007), ameonyesha jinsi kumbukumbu ya historia katika jamii hizo inavyoshikwa na vilima, chemchemi na mahame.

Ndoto ya omorooti ilifanya kazi ndani ya mfumo huo. Kwa peke yake haikuwa amri. Ilihitaji wazee wenye uwezo wa kuisikiliza, kuilinganisha na hali ya nchi, na kuamua tendo la kufanya. Hapa ndipo uponyaji wa hisia unapoonekana katika sura yake ya kijamii: hofu iliyotamkwa na mtu mmoja ilipokewa na wengi, ikapewa jina, kisha ikageuzwa kuwa wajibu unaotekelezeka. Mtu hakuachwa peke yake na alichokiona usiku.

Mfumo huo ulijaribiwa vikali mwishoni mwa karne ya 19. Sotoka iliyoenea Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890 iliua ng'ombe wengi, ikafuatwa na ndui na njaa, huku mashambulizi ya Wamaasai yakiwatawanya watu wa upande wa Serengeti. Masimulizi ya Waikoma yanahusisha kipindi cha dhiki na safari ya kwenda kwa nabii wa Kitatoga kutafuta kinga. Huko walipewa Machaba, jozi ya pembe za ndovu ambazo wamezihifadhi kama kitu kitakatifu. Kwamba Wabantu walitafuta ponyo kwa nabii wa jamii yenye lugha ya Kiniloti kunaonyesha kuwa mamlaka ya kiroho katika eneo hili yalivuka mipaka ya lugha na kabila.

Hata hivyo, masimulizi ya unabii yanadai tahadhari. Ndoto zinazokumbukwa ni zile zilizotimia. Zisizotimia hazikuwa na sababu ya kurithishwa. Masimulizi yanayodai kwamba waonaji waliota ujio wa Wazungu yanapatikana katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, na yamkini baadhi yalichukua umbo lake baada ya Wazungu kufika. Hilo haliyaondolei thamani. Yanaonyesha kwamba watu waliovamiwa walikataa kuukubali uvamizi kama tukio lisilo na maana. Kusema kwamba jambo liliotwa kabla ni kulirudisha ndani ya historia ya wenyeji, na kufanya hivyo ni namna ya kuponya fedheha ya kushindwa.

4.0 Ndoto ya Nafsi

Wamisionari wa Kimenoniti walifika Shirati mwaka 1934, katika eneo lililokuwa sehemu ya wilaya ya Tarime hadi Rorya ilipoundwa mwaka 2007. Kutoka hapo walienea, wakafungua pia kituo cha Nyabasi miongoni mwa Wakuria. Mwaka 1942 kanisa la Shirati lilipata uamsho uliofungamana na vuguvugu la Walokole wa Afrika Mashariki. Watu walisimama hadharani, wakaungama, wakasameheana, wakatoa ushuhuda.

Uamsho ulikuja na utaratibu mpya wa kusimulia maisha. Biblia ilikwishatoa mifano ya waotaji, kama vile Yusufu mwana wa Yakobo, Danieli, na wazee wanaoota ndoto katika unabii wa Yoeli. Zaidi ya Biblia kulikuwa na Safari ya Msafiri, tafsiri ya kitabu cha John Bunyan ambacho chote kimesimuliwa kama ndoto. Katika fasihi hiyo, ndoto huhusu njia ya nafsi moja kutoka dhambini hadi wokovuni. Mfasiri wake si baraza la ikiaro bali mwotaji mwenyewe mbele ya ndugu zake wa imani.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuyaona mabadiliko haya kama ukuta unaotenga zama mbili. Kikundi cha ushirika kilichomsikiliza mwenye ushuhuda kilirithi sehemu ya kazi ya wazee: kupokea jambo zito la usiku na kulipatia mahali katika lugha ya pamoja. Waluo, majirani wa Wakuria, waliendelea kuwapa watoto majina ya jamaa waliofariki baada ya marehemu hao kutokea ndotoni. Katika desturi hiyo, majonzi ya kufiwa hupata jibu lenye mwili: jina linaitwa tena nyumbani, na mtoto anaitika. Makanisa ya Roho na ya Legio Maria, yaliyochipuka upande wa Nyanza nchini Kenya, yaliipa ndoto nafasi ya wazi katika ibada na uponyaji.

Kilichobadilika kwa kina zaidi ni mahali. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na jamii za magharibi mwake zikapoteza uhuru wa kufika kwenye mahame na sehemu za emisambwa zilizobaki ndani ya mipaka. Katika miaka ya 1970, kuhamishiwa vijijini kuliwasogeza wengi mbali na makaburi na miji ya zamani. Ndoto iliyodai tendo katika chemchemi fulani sasa ilikabiliwa na mpaka wa hifadhi. Mtu aliyeota wajibu asioweza kuutekeleza alibaki na deni, na deni la namna hiyo haliponywi kwa tafsiri pekee. Kwa mtazamo huu, historia ya hifadhi ni pia sehemu ya historia ya majonzi.

5.0 Kuoteshwa

Mwaka 2011 neno moja lilitawala mazungumzo ya Watanzania. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alitangaza kwamba Mungu alimfunulia ndotoni dawa ya mti uitwao mugariga. Maelfu ya watu walimiminika kijijini kwake Samunge, Loliondo, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Serengeti, kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Njia mojawapo inayounganisha Mara na Loliondo hupitia Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Watu walisema: Babu ameoteshwa.

Kisarufi, umbo hilo linastahili kuzingatiwa. Kuoteshwa ni kauli ya kutendeshwa: -ot-esh-w-a. Mwotaji si mtendaji tena, tofauti na omorooti mwenye kiambishi cha mtendaji. Ni mpokeaji wa tendo ambalo mtendaji wake hutajwa kwa kihusishi na: ameoteshwa na Mungu, ameoteshwa na mizimu, ameoteshwa na babu yake. Umbo hili, ambalo waganga wa tiba asilia walilitumia kabla ya Loliondo, humpa msemaji mamlaka kwa kumwondolea madai ya ustadi. Pia humwondolea wajibu wa kuhojiwa, kwa kuwa anayepaswa kuulizwa hayupo mahakamani wala barazani.

Hapo ndipo hasara inapoonekana. Omorooti alikuwa na wazee wa kumpima. Mwenye ushuhuda wa mwaka 1942 alikuwa na ndugu wa ushirika waliomjua na kumwona kila siku. Aliyeoteshwa mwaka 2011 alikuwa na msururu wa magari yenye abiria asiowajua, pamoja na vyombo vya habari. Wasiwasi wa madaktari kwamba wagonjwa wangeacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ulikuwa wa haki. Hata hivyo, umati ule ulitafuta kitu ambacho hospitali haikuwa imewapa: uhakika kwamba mateso yao yalikuwa yameonekana mahali fulani, kabla hata hawajafika.

6.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haionyeshi imani inayofifia kadiri elimu inavyoenea. Inaonyesha ndoto ikibadilisha wasikilizaji: baraza, ushirika, kisha umati. Katika kila hatua, nguvu ya ndoto kuponya ilitegemea kile kilichofuata baada ya kuamka, yaani nani alisikiliza, kwa kipimo gani, na kama palikuwa na mahali pa kutekeleza kilichoagizwa. Kwa watafiti wa lugha na fasihi, hili lina maana ya kimbinu. Simulizi la ndoto halina budi kurekodiwa pamoja na mazungumzo yaliyolipokea, na katika lugha liliyosimuliwa kwanza. Omorooti akitafsiriwa tu kuwa mwota ndoto, Kiswahili kitamhamishia kwa Alinacha, na wazee waliokuwa wakimsikiliza watatoweka katika kumbukumbu pamoja naye.